Maelezo ya Karani Kuhusu Swali la Kumi na Nne

Mimi Mabumba, karani wa masjala katika Chuo cha Uuguzi cha Jamhuri ya Heko, nimepokea barua inayonitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Barua ni nzuri. Najua ni nzuri kwa sababu niliitunga mwenyewe miaka miwili iliyopita kwa ajili ya mwingine, nanyi Ndugu Wajumbe wa Tume mmebadilisha jina tu. Kosa langu ni kugonga muhuri mmoja mahali pasipostahili. Nitalifikia. Fomu inasema "eleza tangu mwanzo", nami nimekuwa mtu wa fomu kwa miaka thelathini na moja.

Mwanzo ni kwamba katika Jamhuri ya Heko hakuna mtu aliyewahi kushindwa hesabu. Shule za msingi tunafaulu asilimia tisini na nane, sekondari tisini na tisa, na mwaka mmoja tulifika mia na moja. Siku ile mtakwimu mmoja alinyoosha mkono kuuliza huyo mmoja wa ziada katoka wapi. Waziri wetu wa Elimu na Ushindi, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Bulugu, akamwuliza mbele ya kamera, "Wewe ni nani hata uwawekee mipaka watoto wa maskini?" Ukumbi ukapiga makofi. Mtakwimu siku hizi anahesabu mbuzi mpakani, na nasikia mbuzi nao wanaongezeka vizuri.

Hata wale wanaopata alama nne kati ya mia hatusemi wameshindwa. Katika orodha zetu kuna safu mbili, ya Waliofaulu na ya Wanaoendelea Kufaulu. Mimi ndiye niliyezichora safu hizo kwa rula, na nilisifiwa kwa usafi.

Sasa chuoni petu kulikuwa na mwalimu wa hesabu za dawa, Mwalimu Nakijwa, mwanamke mwembamba mwenye tabia mbaya ya kusahihisha. Alikuwa na wanafunzi mia nne, madaftari mia nne, macho mawili na kalamu nyekundu. Daftari la Jumatatu lilirudi kwa mwanafunzi baada ya wiki tano, mwanafunzi keshasahau hata alichokosea. Kwa hiyo akatafuta programu ya mazoezi ya nyumbani, ile ya kufanyia kwenye simu, akaitia maswali yetu kwa mkono wake. Iliitwa Fanyatena.

Ilivyofanya kazi ni hivi. Inakuletea swali. Ukikosea, hapo hapo inakuambia: "Bado. Angalia hatua ya pili. Fanya tena." Kisha inakuletea swali lile lile, ila imebadilisha namba, ili usikariri. Ukikosea tena, inakuonyesha hatua moja mbele, inabadilisha namba tena. Haichoki, haitukani, haiendi msibani.

Tatizo lilikuwa moja. Katika Heko, kitu hakiwezi kufanya kazi serikalini bila jalada. Mwalimu Nakijwa aliponiletea karatasi za programu ile, nilimwuliza, "Mwalimu, huyu ni mashine ya kudumu au ni mtumishi?"

"Mzee Mabumba, ni programu tu. Inafundisha."

"Anayefundisha ni mtumishi," nikamwambia. Nikafungua jalada. Jina: Ndugu Fanyatena. Mahali alipozaliwa: mtandaoni. Dini: haikutajwa. Ndugu wa karibu: Mwalimu Nakijwa. Cheo: Mkufunzi Daraja la Tatu, katika kipindi cha majaribio. Kila asubuhi Mwalimu Nakijwa alisaini kwa niaba yake kwenye daftari la mahudhurio, na siku umeme ulipokatika nilimwandika mgonjwa. Nilifanya yote haya kwa moyo safi kabisa. Sikujua kwamba ukishampa kitu jalada umekipa na kamba ya kukinyongea.

Mtandao pale chuoni unashika mahali pamoja tu, nje ya dirisha la masjala, upande wa mpera. Hivyo nikawa na wanafunzi dirishani mwangu mchana kutwa, wameinamia simu. Wiki ya kwanza walikuwa wakiilaani. Wiki ya tatu wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu nukta za desimali kama watu wanaobishana kuhusu mpira. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama hicho katika miaka yangu yote ya kazi.

Miongoni mwao alikuwamo Sikitu. Binti huyu alikuwa ameendelea kufaulu mara mbili mfululizo, na ya tatu angedisko, ndivyo wanavyoita wao, yaani kuondolewa chuoni moja kwa moja. Mama yake alifia wodini, ndiyo maana akataka uuguzi. Aliniambia hivyo bila kulia, siku aliponiomba kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umepata mangapi?"

"Matatu kati ya ishirini."

Baada ya mwezi yakawa kumi na moja. Baada ya miezi miwili, kumi na tisa. Lililobaki ni moja, Swali la Kumi na Nne. Nalijua kwa moyo, maana alikuwa akilisoma kwa sauti: Mtoto ana uzito wa kilo kumi na mbili. Dawa hutolewa miligramu saba na nusu kwa kila kilo. Ndani ya chupa, kila mililita moja ina miligramu arobaini. Utamchoma mililita ngapi?

"Bado," inamwambia. "Nukta imekaa pasipo pake. Fanya tena."

"Mtoto wa watu nimeshamuua mara thelathini, Mzee," alisema siku moja, akacheka, akainama tena.

Kila Jumatatu Ndugu Fanyatena alitoa taarifa, nami kwa uaminifu wangu niliigonga muhuri na kuipeleka ngazi kwa ngazi hadi Wizarani. Kwa miezi mitatu hakuna aliyeisoma. Mwezi wa nne, kwa bahati mbaya, mtu akaisoma. Ilisema kwamba kati ya wanafunzi mia nne waliokuja na vyeti safi vya sekondari, mia tatu na kumi na mmoja hawakuweza kugawanya desimali siku walipoanza. Ilisema pia kwamba mia moja na tisini kati yao sasa wanaweza. Mstari huo wa pili uko chini ya ukurasa, na katika Heko viongozi hawana muda wa kufika chini ya ukurasa.

Waziri alikuja na magari kumi na manne. Tulimfagilia njia, tukapaka chokaa mawe, na mpera ukakatwa kwa sababu ulikuwa unaziba bango. Akasimama, akaondoa miwani, akasema kwa uchungu:

"Ndugu wananchi! Nimeletewa takwimu nikashindwa kula. Mtumishi mmoja wa chuo hiki, kwa miezi minne, amewaambia vijana wetu neno 'bado' mara elfu themanini na sita. Elfu themanini na sita! Mkoloni mwenyewe hakutuambia bado mara nyingi namna hiyo! Taifa lililokwisha kufika linaambiwaje bado?"

Mkuu wa Chuo, Ndugu Pazi, alilia. Alilia vizuri, kitambaa kikaonekana kwenye taarifa ya habari.

Nikaamriwa niandike barua. Nikaandika: Ndugu Fanyatena, ujieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Kumkabidhi kulikuwa na utata kidogo, maana hana mikono, lakini kanuni zinaruhusu kubandika. Nikaibandika kwenye kompyuta ya Mwalimu Nakijwa mbele ya mashahidi wawili. Siku ya nane asubuhi hakuwa amejibu. Nikaandika jaladani kwa wino mweusi: mtuhumiwa amekaidi.

Ndipo ikaundwa Tume, nanyi Ndugu Wajumbe mnaikumbuka kwa sababu ni nyinyi. Watu saba, siku tisa, chai mara mbili kwa siku. Mlimwuliza Mwalimu Nakijwa kama mtumishi huyu aliwahi kumsalimia mwanafunzi kabla ya kumpa swali. Akasema hapana. Mkaandika: hana adabu. Mkamwuliza kama aliwahi kumpa mwanafunzi pole. Akasema humwonyesha alipokosea. Mkaandika: hana huruma.

Siku ya sita mlitaka kusikia swali linalodhalilisha kuliko yote. Nikasimama nikawasomea Swali la Kumi na Nne. Mwenyekiti akasema, "Ngoja tulijibu wenyewe, tuone kama ni la haki." Mjumbe mmoja akaangalia dari. Mwingine akaandika kitu, akakifunika kwa mkono. Baada ya dakika kumi Mwenyekiti akatangaza chai, na baada ya chai akatangaza kwamba swali hilo halina maadili.

"Lakini jibu lipo," Mwalimu Nakijwa akasema. "Lipo jaladani, ukurasa wa pili, na hatua zake zote."

"Jibu ni moja tu?" Mwenyekiti akauliza.

"Ni moja, Mheshimiwa."

"Basi huo ni udikteta. Karani, chana ukurasa huo."

Nikauchana, Ndugu Wajumbe. Niliuchana kwa rula usije ukaharibu mshono wa jalada.

Hukumu ilikuwa kwamba Ndugu Fanyatena ahamishiwe wilaya isiyo na mtandao hadi atakapojirekebisha. Mwalimu Nakijwa alihamishiwa Wizarani kusimamia ukataji wa nyasi. Kalamu yake nyekundu ilipokelewa masjala kama kielelezo, na imekaa kwenye droo yangu hadi leo.

Sikitu alikuja dirishani asubuhi ya siku mtambo ulipozimwa.

"Mzee, chelewesha barua. Wiki mbili tu. Nimebakiza swali moja."

"Jalada limefungwa, mwanangu."

"Si ni wewe unayelifunga?"

Nikamwambia kuna ngazi. Akaniangalia, akaketi penye kisiki cha mpera, akaanza. Alikaa pale toka saa nne hadi saa kumi jioni, hakula. Saa tisa nilisikia amepiga kelele. Alama ya vema ya kijani. Akaletewa namba nyingine, ikawa kijani. Ya tatu, kijani. Saa kumi kamili fundi wa Wizara akakata waya, Sikitu akasimama, akakung'uta sketi, akaniaga kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.

Mwezi uliofuata tukaletewa toleo la kizalendo lililoitwa Hongera Daima. Lilizinduliwa kwa ngoma na risala. Hili linaanza kwa salamu, linakuuliza habari za nyumbani, na ukijibu lolote linasema, "Hongera, shujaa! Heko inakutegemea!" na bendera inapepea. Ukiacha wazi pia linakupongeza, kwa uvumilivu. Mtihani nao ukahamishiwa humo. Nikaitupa ile safu ya pili, maana sasa wote walikuwa wamefaulu.

Wote isipokuwa mmoja. Sikitu alijaza jibu la uongo makusudi, akapongezwa. Akajaza jina la mama yake mahali pa mililita, akapongezwa. Akaandika barua kwa Mkuu wa Chuo, mstari mmoja: "Naomba nisahihishwe." Niliipokea nikaipa namba. Ndugu Pazi aliisoma akashika kichwa. Kikao kikamtia hatiani kwa kukataa kufaulu, akawa mtu wa kwanza katika historia ya Heko kuondolewa chuo kwa kosa hilo. Barua ya kumfukuza niliipiga mimi. Iko kwenye karatasi ile ile yenye nembo, na muhuri umekaa sawasawa.

Mahafali yalifana. Asilimia mia. Waziri alisema sasa dunia nzima itakuja kujifunza kwetu, kisha akapanda ndege kwenda kutibiwa goti nchi ya nje.

Sasa nafika kwenye muhuri.

Jumanne ya tarehe mbili, saa sita mchana, binti yangu aliniita hospitali ya wilaya. Mjukuu wangu Zawena, miezi tisa, alikuwa anachemka, shingo imekakamaa. Daktari alishapita, akaandika dawa, akaondoka. Anahudumia hospitali tatu. Alikuwa ameandika uzito, kilo nane. Kiasi, miligramu saba na nusu kwa kila kilo. Chupa, miligramu arobaini kwa mililita. Nikazisoma namba mara mbili. Lilikuwa Swali la Kumi na Nne. Limebadilishwa namba tu.

Wauguzi walikuwa watatu, wote wa mahafali yetu. Vyeti vyao nilivigonga muhuri kwa mkono huu. Wakatoa simu, wakakokotoa.

"Elfu mbili na mia nne," wa kwanza akasema.

"Mililita? Hizo ni lita mbili na zaidi, jamani!" wa pili akashtuka. "Mimi napata kumi na tano."

"Mimi sifuri nukta moja tano," wa tatu akasema kwa sauti ndogo.

Wakafungua Hongera Daima, kila mmoja akaweka jibu lake. Simu tatu zikapiga wimbo kwa pamoja, bendera tatu zikapepea juu ya mjukuu wangu. Metroni akaitwa. Alikuwa mama mwenye haraka, ana wodi mbili peke yake. Mmoja akapendekeza wachukue wastani, hakuna aliyejua namna ya kuupata. Basi Metroni akaamua kwa ukubwa kazini: aliyeajiriwa mapema zaidi ndiye wa kumi na tano. Wakaanza kutafuta bomba kubwa la sindano.

Binti yangu akanishika shati. "Baba, wewe si unatoka chuoni? Jibu ni ngapi?"

Ndugu Wajumbe, nililijua swali neno kwa neno. Ukurasa wa jibu niliuchana kwa rula.

Nilitoka mbio. Nje ya geti la hospitali kuna msichana anayewauzia uji watu wanaouguza, nilimwona nilipoingia nikageuza uso kwa aibu. Nikamwambia namba huku nahema. Sikitu akaweka upawa chini, akachukua kipande cha karatasi ya sukari, akaandika: nane mara saba na nusu, sitini. Sitini kwa arobaini, moja na nusu.

"Moja nukta tano," akasema. "Wanataka kumpa ngapi?"

"Kumi na tano."

Akaacha sufuria motoni, akakimbia mbele yangu.

Metroni aliitazama ile karatasi. "Wewe una cheti?"

"Nilifukuzwa, Metroni."

"Basi siwezi kumchoma mtoto kwa karatasi ya sukari. Kesho nikiulizwa nimemfuata nani, nitasema muuza uji?"

Mimi hutembea na muhuri wa chuo mfukoni, nimeufunga kwa leso, tangu ule wa kwanza ulipoibiwa mwaka mmoja. Nikaufungua. Nikauhemea kuupa unyevu, nikaugonga juu ya ile karatasi, juu ya moja na nusu, nikasaini. Metroni akausoma muhuri. Namba hakuzisoma. Akasema, "Ungesema mapema kwamba ni ya serikali," akavuta dawa mililita moja na nusu.

Zawena yu hai. Jana ameng'ata kidole changu.

Lakini Sikitu hakuondoka pale. Aliangalia kitanda cha pili, mtoto wa kiume, Lukelo, miezi kumi na minne, mama yake katoka mbali na kapu la nguo. Dawa ile ile. Akawauliza, "Na huyu mmempa ngapi?"

"Huyu tulimaliza saa tano," yule wa kumi na tano akasema. "Alipewa kumi na nane na kitu."

Sikitu akakaa sakafuni.

Lukelo alikufa kesho yake asubuhi. Kwenye cheti wameandika homa. Mama yake aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa na muhuri akadhani ni mkubwa fulani, kama kuna kitu alikosea yeye. Nimekasirika, Ndugu Wajumbe. Nina miaka hamsini na tisa na sijawahi kuandika neno hilo kwenye karatasi ya serikali. Nimewakasirikia, na nimejikasirikia mwenyewe kwanza, kwa rula yangu na mwandiko wangu mzuri. Kwenye kile kitanda cha pili hakukuwa na babu mwenye muhuri, na tofauti ya wale watoto wawili ni hiyo tu.

Mnauliza kwa nini niligonga muhuri wa chuo kwenye karatasi ya mtu asiye na cheti. Nimejibu. Nami naomba mnijibu, ndani ya siku saba. Ukurasa huu nimeupa namba, utakaa katika jalada badala ya ule niliouchana, na muhuri nimeugonga chini kabisa ili usiwazibie nafasi. Msifungue Hongera Daima. Chai mtakunywa baadaye. Kalamu nyekundu ya Mwalimu Nakijwa nimeiambatanisha.

Mtoto anaitwa Lukelo. Ana uzito wa kilo kumi. Dawa hutolewa miligramu saba na nusu kwa kila kilo. Ndani ya chupa, kila mililita moja ina miligramu arobaini. Utamchoma mililita ngapi?

Jibu: ..............................